Zamu ya Msikilizaji: BTS Wembley, na Sisi Wenye Kiswahili Chetu



Mwezi Juni 2025 vijana saba wa kundi la BTS walikuwa wote wamemaliza utumishi wao wa lazima huko Korea Kusini, na Julai wakatangaza kwamba mwaka 2026 watatoa albamu mpya na kuanza tena ziara ya dunia. Nyumbani kwangu habari hiyo ilipokewa kama habari ya kuandama mwezi. Mie ikanikumbusha deni. Tangu 2019 nimekuwa nikijiahidi kuandika juu ya ziara yao ile kubwa, na kila mara naona haya. Mtu mzima, mwalimu wa fasihi, mwenye mvi zake, aandike juu ya vijana wanaopaka rangi nywele? Haya basi, leo naandika. Nisomeni kwanza, kisha mnicheke.

Kwa wasioijua, ziara yenyewe iliitwa Love Yourself. Ilianza Seoul tarehe 25 Agosti 2018, ikaenda Marekani na Kanada, ikavuka kuja London, Amsterdam, Berlin na Paris, kisha ikarudi Asia. Mei 2019 ikaongezewa sehemu ya pili, Speak Yourself, ya viwanja vikubwa vya michezo vitupu: Rose Bowl, Soldier Field na MetLife huko Marekani, halafu São Paulo, Wembley, Stade de France, Japani, Riyadh, na ikafungwa Seoul tarehe 29 Oktoba 2019. Kwa ujumla maonyesho 62 na watu kiasi cha milioni mbili. Na sehemu kubwa kabisa ya maneno yaliyoimbwa katika maonyesho hayo ilikuwa ya Kikorea. Hilo ndilo lililonitoa usingizini.

Mie nilikwenda Wembley Juni 2019 kama walivyokwenda akina baba wengi, yaani kushika mkoba na chupa ya maji. Binti yangu alikuwa na miaka 14. Amezaliwa hapa Uingereza. Mimi na mama yake sote ni watu wa Tanga, na mimi ugali wangu unatokana na Kiswahili. Nakifundisha, nakiandikia makala, nasafiri kwenda makongamano kulalamika kwamba vijana wanakipoteza. Na binti yangu Kiswahili hakijui. Anajua "njoo", "kula", "acha" na "shikamoo". Tulikuwa na haraka, tulikuwa tumechoka, na Kiingereza kilikuwa karibu. Kiswahili mimi na mama yake tulikiweka akiba kwa mambo mawili, siri za pesa na ugomvi. Mtoto akakua akijua kwamba lugha ile ikianza kusikika, yeye hatakiwi.

Mtoto huyo huyo akajifunza Kikorea chumbani kwake. Hakuna aliyemtuma. Alianza kwa kusoma tafsiri chini ya video, akahamia kwenye herufi za Hangul, na nilipopata habari alikuwa anajaza daftari la pili. Nilipoliona daftari lile, jamani, nilikaa kitandani kwake nikanyamaza.

Basi na tuingie uwanjani. Niseme kwanza mabaya, maana mhakiki asiyesema mabaya ni mpambe. Onyesho lilifunguliwa kwa wimbo Dionysus, na jukwaa lilikuwa na nguzo za Kigiriki na chui wakubwa wa kupuliziwa hewa. Kinywa hubaki wazi, lakini ukijiuliza Ugiriki imeingiaje hapa, jibu lake ni dogo kuliko chui wenyewe. Katika Euphoria, Jungkook alipaishwa kwa waya juu ya vichwa vya watu. Ni mchezo mzuri wa sarakasi, ila wimbo ukawa mzigo wa pili. Upande tuliokaa sisi sauti ilikuwa inarudi kutoka kwenye kuta na kuyameza maneno, na sehemu nyingine kiitikio kilibebwa na sauti zilizokwisha kurekodiwa. Kwangu mimi kilele cha uimbaji kilikuwa Epiphany, Jin akiwa peke yake kwenye piano. Pale hapakuwa na pa kujificha, na hakujificha.

Lakini sikuandika ili niwape alama waimbaji. Kilichonishika ni watazamaji.

Wimbo unapoanza, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, uwanja mzima unataja majina saba ya vijana hawa kwa mpangilio maalumu. Hayatajwi majina ya jukwaani. Yanatajwa majina yao ya kuzaliwa, kwa utaratibu wa Kikorea, jina la ukoo likitangulia. Halafu katikati ya wimbo zipo nafasi zilizoachwa wazi, na watazamaji wanajua pa kuingia, neno gani waseme, na wanyamaze wapi. Huo ni utaratibu wa mashabiki wa Korea, umesafiri pamoja na waimbaji. Kuna mzizi wake wa kale pia. Katika pansori, uimbaji wa hadithi wa Korea wenye mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, mpiga ngoma na wasikilizaji hutupia maneno ya kuhimiza katikati ya uimbaji. Huitwa chuimsae. Msikilizaji akikaa kimya kama maji ya mtungini, amemnyima mwimbaji haki yake. Maneno ya namna hiyo hiyo BTS waliyapachika ndani ya wimbo wao Idol, na Wembley yakaitikiwa na watoto wa Birmingham na Leeds.

Karibu na mwisho, mashabiki waliwashtukiza waimbaji kwa kuwaimbia wao wimbo wa Young Forever. Uwanja mzima, kwa Kikorea. Kama kulikuwa na mpango nyuma yake, na bila shaka ulikuwepo, haijalishi. Jukwaani watu walifuta machozi. Niligeuka kumtazama binti yangu. Alikuwa hanitazami mimi, hatazami hata simu yake. Alikuwa kazini. Alikuwa na zamu yake, na alikuwa anaitimiza kwa lugha ambayo hakuna mtu yeyote wa ukoo wetu amewahi kuisema.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kusema kwamba muziki hauhitaji kueleweka lugha. Hayo ni maneno ya kujifariji. Wembley sikuona muziki uliovuka juu ya lugha. Niliona lugha iliyompa msikilizaji kazi, naye akaifuata ili aweze kuifanya.

Sasa tujitazame sisi. Mara kadhaa nimehudhuria taarab katika kumbi za Ulaya. Ukumbi mzuri, viti vya mahameli, kijitabu chenye maelezo ya Kiingereza kuhusu Bahari ya Hindi na karafuu. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alizunguka dunia nzima mpaka mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, na sauti yake ilimtikisa kila aliyeisikia. Lakini mtazamaji wa Ulaya alikaa, akasikiliza kwa adabu, akapiga makofi mwishoni, akaenda zake. Huko nyumbani taarab haisikilizwi hivyo hata kidogo! Mwanamke anainuka kitini, anacheza taratibu mpaka mbele, noti mkononi, anamtunza mwimbaji kwenye ubeti anaoutaka yeye, na pengine macho yake yanamtazama mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Ubeti si wa mwimbaji tena, umekuwa wake. Vigelegele vina mahali pake. Kununa kwa safu ya tatu kuna mahali pake. Yote hayo ni sehemu ya utunzi, na yote hayo tunapopanda ndege tunayaacha uwanja wa ndege wa Zanzibar. Tunasafiri na mwimbaji, msikilizaji tunamwacha nyumbani. Wakorea walisafiri na wote wawili.

Najua jibu litakalokuja, "Bwana wee, Korea ni tajiri." Ni kweli. Serikali yao inajua thamani ya vijana hawa. Oktoba 2018, katikati ya ziara, waliimba Paris mbele ya Rais Moon Jae-in, na mwezi huo huo wakapewa nishani ya utamaduni. Lakini pesa haielezi kila kitu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati taarab ya kasri ilikuwa imezoea Kiarabu. Hakuwa na wizara nyuma yake. Alikuwa na wasikilizaji waliojua kwamba habari inayoimbwa ni yao. Na tusisahau Wakorea nao wametoka wapi. Chini ya utawala wa Wajapani, 1910 hadi 1945, ilifika mahali Kikorea kikaondolewa mashuleni, na mwaka 1940 watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Yafikirieni tena yale majina saba yanayotajwa uwanjani, jina la ukoo likitangulia. Mimi kila nikiyasikia siku hizi nywele zinanisimama.

Sisi nasi tulikuwa na vibao. Nilipokuwa sekondari, miaka ya 80, ukikamatwa unasema Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzio naye akiteleza, umvishe. Nchi huru hiyo, na Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Tulifundishwa kusikilizana kwa lugha yetu ili tukamatane. Hivi nilishangaa nini kwamba mtu aliyelelewa hivyo naye akakifanya Kiswahili lugha ya siri na ugomvi nyumbani kwake?

Turudi kwenye ziara, maana sitaki mtu adhani nimekuwa shabiki wa kupaka rangi nywele. Yapo mambo manne ambayo bado yananikera.

La kwanza ni zile taa. Kila shabiki hubeba taa ya mkononi, na taa hizo huunganishwa na mitambo ya onyesho bila waya. Mkono wako umeshika taa, lakini rangi inabadilishwa na mtu mwingine. Makumi ya maelfu ya watu wanakuwa bahari ya zambarau kwa kidole cha fundi mmoja. Inapendeza mno, na inatisha kidogo, hasa katika ziara inayokuambia ujieleze mwenyewe. Zamu ya msikilizaji inaweza kugeuka kuwa kwata.

La pili ni Riyadh. Tarehe 11 Oktoba 2019 waliimba katika uwanja wa King Fahd. Binti ya binamu yangu, anayeishi Maskati, alinieleza kwa simu alivyoona picha za wasichana wenye mabuibui na nikabu wakiimba Kikorea, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja. Sitaki kumnyang'anya furaha ile. Miaka miwili tu kabla yake wanawake wa Saudia hawakuruhusiwa hata kuingia uwanjani. Lakini siku hiyo hiyo Loujain al-Hathloul, aliyedai haki ya wanawake kuendesha gari, alikuwa gerezani. Alikamatwa Mei 2018, wiki chache kabla katazo lenyewe halijaondolewa, na akaachiwa Februari 2021. Ziara iitwayo Jieleze Mwenyewe ikapita mji ule, na aliyejieleza yuko ndani. Walipoulizwa kuhusu kwenda huko, walisema walialikwa rasmi na kwamba haukuwa uamuzi mwepesi. Nawaamini. Ila naona pia ujumbe wa kujipenda ulivyo mpana kiasi kwamba hakuna mfalme anayekereka nao.

La tatu linatuhusu zaidi. Ule wimbo wa Idol una mdundo wa gqom, muziki wa vijana wa Durban, na katika uchezaji wake zimo hatua za gwara gwara. Afrika basi ilikuwepo Wembley, miguuni. Lakini katika maonyesho yale 62 halikuwemo hata moja katika bara la Afrika. Mdundo wa Durban ulizunguka dunia, ziara haikufika Durban.

La nne ni Kiingereza. Agosti 2020, baada ya kuijaza dunia kwa Kikorea, walitoa Dynamite, Kiingereza kitupu, na wimbo huo ndio uliowapa kwa mara ya kwanza nafasi ya kwanza kwenye orodha ya nyimbo za Marekani. Redio za kule zilizokuwa zikisuasua zikafungua milango. Kweli, miezi michache baadaye Life Goes On, ulio kwa sehemu kubwa wa Kikorea, nao ukaanzia nafasi ya kwanza. Lakini mwaka 2021 walirudi kwenye Kiingereza mara mbili. Waliokuwa wamewafuata mpaka kwenye lugha yao walikuwa wengi, na bado mlinzi wa lango alitaka ushuru wake. Nasema haya ili tusijidanganye kwamba vita hii huisha.

Hata hivyo, nikiyaweka yote kwenye mizani, ziara ile ilikuwa kubwa, na ukubwa wake ulikaa kwa watu wa chini yake. Wapo wasichana wa shule waliokuwa wakizitafsiri nyimbo na mahojiano usiku kucha, bila senti, na kuweka maelezo pembeni: neno hili lina maana mbili, hapa wanatania lahaja ya Busan, msemo huu ni methali. Hizo ni tanbihi, ndugu zangu. Tanbihi zinazosomwa! Nani kati yetu anaweza kusema hivyo?

Na methali ndiyo iliyoniokoa. Tukiwa kwenye treni usiku ule, tumebanwa kama dagaa, binti yangu alikuwa ananieleza wimbo mmoja walioupiga, unaojulikana kwa Kiingereza kama Silver Spoon. Kwa Kikorea unaitwa Baepsae, jina la ndege mdogo sana mwenye miguu mifupi. Wakorea wana methali kwamba ndege huyo akitaka kutembea kama korongo, miguu itachanika. Wimbo unaikamata methali hiyo na kuwageuzia wakubwa: mmetuzaa na miguu hii, mmeshika njia zote, halafu mnatuuliza mbona hatufiki. Alinieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Mie bila kufikiri nikaropoka: "Ukimuiga tembo kunya, utapasuka msamba!"

Akaniangalia. "Baba, umesema nini?"

Nikamfasiria, neno kwa neno, polepole, mama mmoja wa Kizungu akitukodolea macho. Binti yangu alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akatoa lile daftari la Kikorea kwenye mkoba niliokuwa nimeubeba mimi siku nzima, akasema, "Irudie. Msamba ni nini? Kwa nini ni 'kumuiga' na si 'kuiga'?" Akaandika. Chini ya mstari wa Hangul, Kiswahili chake cha kwanza alichokiandika kwa hiari yake.

Sikuwa nimempa somo. Nilikuwa nimempa kitu cha kuchekea, na nafasi ya kukibishia. Kwa miaka 14 nilimfanya msikilizaji asiye na zamu, kisha nikamlaumu kwa kukaa kimya.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Jumapili nikimpigia simu mama yangu Tanga, salamu zote ni zake yeye. Mimi siruhusiwi kumsaidia. Mwanzoni bibi yake alikuwa anamcheka kwa ngeli alizokuwa akizivuruga, naye akajifunza kumjibu kwa utani, na sasa wawili hao wana siri zao ambazo mie siambiwi. Ana miaka 21. Kikorea chake bado ni kizuri kuliko Kiswahili chake, na sioni ubaya.

Tarehe 7 Julai kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Nimeshangilia kama wengine. Lakini kwenye sherehe hizo tunahutubia, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula. Naomba mwaka ujao, popote mlipo, Maskati au Minnesota, kabla ya taarab kuanza atokee mtu mmoja dakika kumi tu awafundishe wageni pa kupiga kigelegele, namna ya kwenda kutunza, na neno gani la kumtupia mwimbaji akiupatia ubeti. Na watoto wetu waliokaa nyuma na simu zao wapewe wao kazi ya kuwafundisha hao wageni. Watakosea. Waacheni wakosee.

Nawasilisha. Anayeona nimepotoka anikosoe, hasa wale waliokuwepo Riyadh au Paris.